Filamu kubwa Mtwara: shiti zinaishia wapi, na pesa inaokolewa wapi

Wengi huanza hesabu ya filamu kubwa, yaani shiti mojamoja za kamera kubwa ya picha, kwa bei ya sanduku, na hapo ndipo wanapokosea. Tuseme sanduku la shiti 25 za inchi 4 kwa 5 limekufikia Mtwara, usafiri na forodha ndani yake, kwa shilingi 250,000. Kila shiti ni 10,000. Ukiharibu kumi, zile 15 zilizopona zinabeba mzigo wote, na negativu moja inayochapika imeshafika karibu 16,700. Hakuna duka litakalokupa punguzo la kufidia hasara hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza filamu nyingine, chunguza zako zinaharibikia wapi.

Nyingi huharibikia kwenye holda, kile kibebeo chenye kifuniko cha kuvuta kinachoikinga shiti na mwanga. Mtu anafungua shata apange fokasi kwenye kioo cha nyuma, anaingiza holda, anavuta kifuniko, kumbe shata bado iko wazi. Au anapiga mara mbili juu ya shiti ileile. Shika mpangilio mmoja usiobadilika: fokasi, funga shata, weka tundu na muda, fyatua mara moja bila filamu uhakikishe inafanya kazi, kaza tena, ndipo holda iingie na kifuniko kitoke. Upande mweupe wa kifuniko ukitazama nje, filamu haijapigwa. Mweusi nje, imeshapigwa. Kigeuze palepale unapokirudisha, usiseme utakumbuka.

Vumbi nalo linakula pesa. Punje moja ya mchanga wa Shangani ikikaa juu ya filamu huacha alama isiyo na rangi kwenye negativu, na kwenye picha inatoka doa jeusi. Pangusa holda kwa brashi laini ukiwa nyumbani, kisha zisafiri ndani ya kontena lenye mfuniko wa kubana. Wakati wa kusi, ning'iniza begi zito kwenye stendi na usubiri upepo utulie. Mvukuto wa kamera, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na filamu, ukitikisika, shiti imekwenda. Na kabla ya kutoa holda yoyote, piga mandhari hiyo kwa simu, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ikikuchosha kwenye simu, itakuchosha pia kwenye negativu.

Ukikaribia kitu, usisahau mvukuto umerefuka. Lenzi ya milimita 150 ikiwa umbali wa 210 kutoka kwenye filamu, gawanya 210 kwa 150, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 2: muda unakuwa mara mbili. Gizani ndiko filamu ya bei nafuu inapokudai chenji yake. Fomapan 100, mojawapo ya hizo, ni nzuri sana kwa jua la Lindi, lakini kipimo cha mwanga kikisema sekunde 1 inataka 2, na kikisema 10 inataka 80. Filamu ya HP5 Plus kwa sekunde 10 hizohizo inatosheka na kama 20. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya yale makuba, ningebeba HP5 japo ni ghali zaidi.

Kwa mazoezi, filamu ya eksirei ndiyo mkombozi, ila kuwa makini unaponunua. Hospitali nyingi sasa zinatumia filamu kavu za printa, zinazotengeneza picha kwa joto. Hizo hazifai kwenye kamera. Unayotaka ni ile ya zamani, inayosafishwa kwa devalopa (dawa ya kuitokeza picha) na fiksa (dawa ya kuifanya idumu). Ya sentimita 18 kwa 24 inatoa vipande vinne vya 9 kwa 12. Ya 24 kwa 30 inatoa vinne vya 10 kwa 12.5, vinavyoingia kwenye holda ya inchi 4 kwa 5, na mabaki yake yanafaa kwa majaribio.

Inakatwa chini ya taa nyekundu iliyokolea. Usiiamini taa kwa macho: weka sarafu juu ya kipande cha mabaki, kiache hapo dakika tano, kisafishe. Duara la sarafu likionekana, taa hiyo inaunguza filamu. Eksirei ina dawa ya kunasa mwanga pande zote mbili na inachubuka hata kwa ukucha, kwa hiyo laza kioo ndani ya trei, kwenye kitako chake, na safisha kipande kimoja kimoja. Pia haioni nyekundu. Kuta za matumbawe za Kilwa zinatoka vizuri mno, lakini ardhi nyekundu ya Newala inakuwa nyeusi, na nyuso za watu zinaungana na kivuli. Anza na ISO 80 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga) mchana. Jua likianza kuwa la machungwa, ongeza mwanga mara mbili mpaka nne.

Ili kujua muda sahihi kwa shiti moja tu, vuta kifuniko chote, piga sekunde 1. Kisukume robo, piga 1 tena. Robo nyingine, piga 2. Robo ya tatu, piga 4. Umepata michirizi ya sekunde 1, 2, 4 na 8. Karatasi ya kuchapishia picha inapimwa hivyohivyo. Ichukulie kama ISO 6: jua kali, tundu f/22, inataka kama theluthi ya sekunde.

Kwenye kusafisha, adui wa huku ni joto. Maji ya simtanki saa nane mchana hayafai. Safisha alfajiri, na weka trei ndani ya beseni lenye barafu hadi devalopa ishuke nyuzi 24. Fiksa na maji ya kusuuzia viwe karibu na joto hilohilo, la sivyo dawa ya filamu inakunjamana. Muda wa kusafisha ukishuka chini ya dakika tano, zimua devalopa zaidi. Kwa muda mfupi hivyo inashika kwa mabaka. Shiti nne za inchi 4 kwa 5 zina eneo sawa na roli moja ya filamu ndogo ya picha 36, kwa hiyo ukijua chupa inasafisha roli ngapi, zidisha kwa nne. Fiksa ipime kwa mabaki: ikichukua muda mara mbili ya ilipokuwa mpya kukifanya kipande kiwe angavu, imwage.

Devalopa ya kahawa inafanya kazi kweli. Kwa lita moja: gramu 54 za kaboneti ya sodiamu, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kahawa ya papo hapo, Africafé inatosha. Yeyusha kwa mpangilio huo, tumia saa ileile. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa 24 anza na 11. Vidonge vya vitamini C vinavyotoa povu visikudanganye, vina asidi nyingine na sukari. Kaboneti ukiikosa, kaanga baking soda kwenye kikaango kikavu ukikoroga hadi gramu 100 zibaki kama 63. Harufu ya devalopa hii ni mbaya, wenye nyumba waarifiwe.

Vioo vya dawa kavu, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya picha na kutumika badala ya filamu, ningeviacha hadi mwisho. Spidi ya vingi ni kama ISO 2, vinataka holda zake, vinavunjika njiani, na kwa joto letu dawa hujikunja pembeni na kubanduka. Ukiwa navyo tayari, suuza vizuri baada ya devalopa, tumbukiza kwenye maji ya shabu iliyokolea, ndipo fiksa. Usipoisuuza devalopa kwanza, shabu inaganda utando mweupe juu ya kioo.