Maswali ya Wasomaji: Jaguar XJ8 Inayogonga Asubuhi

SWALI: Nina Jaguar XJ8 ya 1999. Nikiwasha asubuhi injini inakereketa sekunde chache, kisha inatulia. XJ6 za zamani hazikuwa hivi. Niendelee kuiendesha?

JIBU: Hapana, iache kwanza. XJ ya 1968 ilikuja na injini ya XK ya silinda 6, toleo la XJ40 la 1986 likaleta injini ya AJ6, nayo ya silinda 6, na V8 (silinda 8) kama yako ikaingia 1997. Ulaini wake hauna mfano, ila Jaguar walibania kwenye vikaza-cheni, yaani vifaa vinavyokaza cheni za kuzungusha kemshafti (shafti zinazofungua valvu). Kila hedi (kichwa cha silinda; V8 ina mbili) ina kikaza kidogo cha plastiki katikati ya kemshafti mbili. Joto huikausha plastiki, inapasuka, cheni inalegea na kukereketa. Ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni, na hapo huzungumzii tena ukarabati mdogo.

Fungua kava zote mbili za valvu, mulika kwa tochi. Ukiona mwili wa plastiki, hata usio na ufa, badilisha vyote viwili uweke toleo la baadaye lenye mwili wa chuma. Kemshafti zifungwe kwa kifaa chake kabla ya kulegeza bolti yoyote.

Pima pia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda za miaka hiyo zilipakwa Nikasil, utando mgumu wenye nikeli, ambao petroli yenye salfa nyingi huula, na kompresheni ikashuka.