Uzio wa mbao huvunjwa kwa siku moja, kazi ni mabaki yake

Ndugu mleta mada, umeuliza jinsi ya kuondoa mwenyewe uzio wa mbao wa mita 40, pamoja na baraza la mbao la mita tatu kwa nne lililo nyuma ya nyumba yako huko Goba, ambavyo vyote vimeliwa na mchwa. Waliotangulia kukujibu wamekueleza vizuri habari za mtarimbo, nyundo na vibarua. Mimi nitajibu swali lako la mwisho, ambalo naona limepitwa kimya: taka zake uzipeleke wapi? Niliwahi kubomoa uzio wa namna hiyo hapa Segerea, Dar es Salaam, mfupi kidogo kuliko wako. Kubomoa kulinichukua Jumamosi moja. Kuondoa mabaki kulinichukua wiki tano, na katikati yake nikaitwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Kabla ya kugusa msumari wa kwanza, chukua kalamu. Wengi wetu hukadiria mabaki kwa kuutazama uzio ukiwa umesimama, na uzio uliosimama huonekana mwembamba kwa sababu hauonyeshi kilichomo ardhini. Tuchukue vipimo vyako. Ikiwa nguzo zimepangwa kila baada ya mita mbili na nusu, una nguzo 17. Ikiwa kila nguzo imesimikwa katika shimo la mviringo lenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60, kisha likajazwa zege, basi kila moja inang'oka na donge la kilo 85 hivi, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Zidisha kwa 17 na utapata karibu tani moja na nusu ya zege. Mbao nazo, yaani vibao vya inchi moja vyenye kimo cha mita 1.8, mistari mitatu ya mbili kwa nne iliyolala, nguzo za nne kwa nne, pamoja na sakafu na mihimili ya baraza, zitafika mita za ujazo tatu na ushei. Kama ni za paini na ni kavu, hiyo ni tani nyingine moja na nusu, labda na zaidi kidogo. Zikinyeshewa, uzito huo hupanda, ndiyo maana nakushauri usianze kazi hii katikati ya masika.

Sasa linganisha hesabu hiyo na gari utakaloita. Vile vigari vidogo tunavyoviita kirikuu vilitengenezwa Japani kubeba mzigo usiozidi kilo 350. Najua, sote tumewahi kukiona kirikuu kikipanda mlima na mchanga wa zaidi ya tani, lakini dereva akikubali kufanya hivyo, pancha na spring'i iliyokatika vitakuwa sehemu ya mazungumzo yenu ya bei. Mimi niliita kirikuu mara tatu kwa ajili ya mbao, nikidhani nimebana matumizi, kisha nikakiita tena mara mbili kwa ajili ya zege. Canter moja yenye uwezo wa tani tatu au nne ingemaliza kazi yote kwa safari mbili, na ningelipa pungufu. Kumbuka pia kwamba mbao zilizotupwa ovyo, zikiwa bado zimegongana kwa misumari, hujaza gari mara mbili au tatu zaidi ya mbao zilezile zilizochambuliwa na kulazwa upande mmoja. Saa mbili za kung'oa misumari na kupanga zinaweza kukuokolea safari nzima.

Jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili ni hili la aina ya mbao. Nilipomaliza kubomoa nilikuwa na rundo refu karibu na geti, na kama ilivyo kawaida ya mtaa, watu walianza kuomba kuni. Niliona ni baraka: mimi napunguza taka, wao wanapata nishati. Mama mmoja jirani, ambaye hukaanga vitumbua alfajiri, alichukua mizigo miwili ya vipande vya nguzo. Siku ya nne fundi wangu alikata nguzo moja iliyosalia ili atengenezee kigingi, nami nikaiona ile ncha mpya: katikati ilikuwa na rangi ya manjano iliyopauka kama mbao yoyote, lakini pembeni ulizunguka ukanda wa kijani, mpana kama kidole gumba. Kwa nje nguzo ilikuwa ya kijivu tupu, kwa sababu jua na mvua vilikuwa vimeifuta rangi miaka mingi iliyopita.

Ukanda huo ni dawa yenye shaba, kromi na aseniki, ileile inayozipa nguzo nyingi za umeme rangi yake ya kijani. Shaba na aseniki huzuia kuvu na wadudu, kromi huishikiza dawa ndani ya mbao, na ndiyo sababu nguzo zangu zilikuwa nzima wakati vibao vilishakuwa unga wa mchwa. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia katika mbao za nyumbani mwishoni mwa 2003. Kwetu bado ni dawa ya kawaida. Mbao hiyo ikiwa imesimama, haina shida kubwa kwa mtu mzima anayepita kando yake. Ikichomwa, sehemu ya aseniki hutoka na moshi, na sehemu kubwa hubaki katika majivu, ikiwa imekusanyika pamoja kuliko ilivyokuwa ndani ya mti.

Nilikwenda kwa yule mama jioni ileile kuomba nirudishiwe kuni nilizompa kwa mkono wangu mwenyewe, na aibu ile siitaki kwa mtu mwingine. Mzigo mmoja alikuwa amekwisha kuutumia. Nilipouliza majivu yako wapi, alinionyesha matuta mawili ya mchicha nyuma ya jiko lake, kwa kuwa majivu, kama tunavyojua sote, husaidia kufukuza wadudu. Tuling'oa mchicha wote, tukakwangua udongo wa juu, tukauweka katika viroba pamoja na majivu yaliyobaki jikoni, nami nikamnunulia gunia la mkaa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa nini dawa kali namna hiyo inauzwa bila maandishi juu yake, na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu yeyote kipande, kata ncha ya nguzo moja, ya ubao mmoja wa kulala na ya mhimili mmoja wa baraza, kisha utazame kwenye mwanga. Nyumba moja inaweza kuwa na nguzo zenye dawa na vibao visivyo na dawa, kwa hiyo usihukumu vyote kwa kimoja. Tazama pia sehemu iliyokuwa ardhini. Ikiwa ni nyeusi na inanuka gereji, ilipakwa oili chafu dhidi ya mchwa, na hiyo nayo haifai kwa jiko la mtu. Dalili nyingine ni mchwa wenyewe: ubao uliokaa miaka kumi ukigusana na udongo bila kuguswa nao unastahili kushukiwa, isipokuwa kama ni wa mti mgumu unaoujua kwa jina. Unapokata, vaa barakoa, tandika turubai chini ili ukusanye unga wa msumeno, na uwaondoe watoto na kuku.

Nguzo zenye dawa zilizo nzima zina kazi nyingine nzuri, kwa mfano kuwa nguzo za seng'enge shambani. Usizitumie kwa kingo za bustani ya mboga, wala kwa banda la mbuzi, ambao hutafuna kila kitu. Vipande vifupi visivyofaa kitu ndivyo vya kupelekwa dampo, vikiwa vimefungwa peke yake, na yule anayevipokea aambiwe ni nini. Vibao visivyo na dawa vilivyo imara huchukuliwa haraka na mafundi ujenzi, ambao huvihitaji kwa kufungia zege. Vilivyoliwa na mchwa ndivyo halali ya kuni, lakini visikae zaidi ya siku mbili vikiwa vimeegemea ukuta wa nyumba yako, maana mchwa hawachagui mlango wa kuingilia.

Zege ni rahisi kuliko linavyotisha. Sote tumeona vile vibao vya "kifusi kinahitajika" kando ya barabara zetu, na huko Goba, penye mabonde na korongo za mvua, sidhani kama utakosa mtu anayejaza kiwanja. Vunja madonge kwa nyundo kubwa yakiwa bado pembeni mwa shimo, kwa sababu kuyabingirisha mazima hadi getini ni kuumiza mgongo bure. Hakikisha kifusi unachotoa hakina mbao ndani yake. Kipande cha mti kilichofukiwa chini ya sakafu ya mtu ni chakula cha mchwa, nao wakikimaliza watapanda juu kutafuta kingine. Mimi nilipata mpokeaji mitaa miwili kutoka kwangu. Alichotaka ni kwamba nimwage mwenyewe na nisawazishe. Mashimo nayo yafukie siku hiyohiyo, kwa sababu shimo la sentimita 60 lililojaa maji ya mvua ni hatari kwa mtoto mdogo.

Chuma sina haja ya kukieleza sana. Bawaba, seng'enge, makomeo na misumari iliyonyooka na isiyonyooka, vyote viweke kwenye ndoo. Wanunuzi wa vyuma chakavu watakufuata wenyewe na mizani yao. Misumari isipotee kwenye nyasi, na kama hukumbuki ni lini ulichomwa sindano ya pepopunda, pita zahanati kabla ya kazi.

Sasa habari ya kuitwa ofisini. Kikundi kinachozoa taka mtaani kwetu kilikataa mabaki yangu, na kwa haki kabisa, kwa kuwa ada tunayolipa kila mwezi ni ya taka za nyumbani. Nikamwita dereva mmoja aliyekuwa akiegesha karibu na soko, tukapatana bei, nikamlipa yote mkononi wakati gari linaondoka, nikaingia ndani kunywa chai. Sikumuuliza anakwenda wapi. Bei yake ilikuwa nzuri mno kwa mtu anayekwenda hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, nami nilijifanya sikuliona hilo. Wiki moja baadaye mtendaji wa mtaa alinipigia simu, akaniomba nifike. Mezani kwake palikuwa na ubao wa buluu, wenye maandishi meupe niliyoyaandika kwa mkono wangu miaka mingi nyuma, herufi ya mwisho ikiwa imebanwa kwa kukosa nafasi: MBWA MKALI. Uliokotwa bondeni, juu ya mbao zangu zote, kwenye mkondo wa maji unaoelekea Mto Msimbazi. Mtaa mzima uliujua ubao ule, kwa sababu mtaa mzima ulijua pia kwamba mbwa mwenyewe alikwishakufa.

Sikuwa na utetezi. Taka ni zangu hata zikiwa kwenye gari la mtu mwingine, na mbao na kifusi vinavyomwagwa bondeni huziba mkondo, kisha maji ya masika hutafuta njia kupitia sebule za watu. Nilikodi vijana wanne na gari jingine, tukazitoa. Kwa hiyo nililipia usafirishaji wa mbao zilezile mara mbili, na mara ya pili zilikuwa zimelowa.

Baada ya hapo nilijifunza utaratibu ambao ningeufuata tangu mwanzo. Nenda kwanza ofisi ya mtaa na kwa bwana afya wa kata, kabla hujabomoa, ueleze una nini na kiasi gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu katika maeneo yao, na wao ndio wanaojua nani ameruhusiwa kubeba nini na kwa ada ipi. Dereva mlipe nusu wakati wa kupakia na nusu akirudi na risiti ya dampo, au panda naye. Mimi nilipanda naye safari ya mwisho, na mbali na vumbi na foleni ya malori, haikuwa siku mbaya. Panga gari lije siku ya pili ya kazi, wakati tayari umechambua mafungu yako, badala ya siku ya kwanza ambapo vibarua hujaza chochote kilicho karibu na mkono. Na kila fungu liwe na mahali pake uani, ulipokwisha kupapima kwa hatua kabla ya kubomoa, bila kuziba njia ya geti.

Ukipata nafasi wikiendi hii, hesabu nguzo zako kwa uhakika, chimba kando ya moja uone kina cha zege, ukate ncha tatu nilizozitaja, kisha utuwekee hapa vipimo na rangi uliyoiona. Nitakusaidia kukadiria idadi ya safari. Na kama getini una kibao chochote chenye jina lako au la mbwa, king'oe kwanza ukiweke ndani.