Mbwa mwitu waliorejeshwa, kisha wakawindwa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi wafugaji wa Mkwaja, Pangani, tunaopakana na Hifadhi ya Saadani, tunasikia Marekani iliwarejesha mbwa mwitu, kisha ikaruhusu wawindwe. Kuna mantiki gani?

JIBU: Marahaba. Mwaka 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 (wale waitwao “wolf” kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wetu wa Afrika) kutoka Kanada waliachiwa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, na kwa kuwa jike huzaa watoto wanne hadi sita kwa mwaka, tena mawindo yalikuwa tele, waliongezeka upesi. Idadi ilipopita lengo la serikali, majimbo jirani ya Montana na Idaho yaliruhusu uwindaji wa leseni, wenye msimu na kiwango, yaani idadi ya juu ya wanyama wa kuuawa.

Hicho kiwango ndicho chenye kazi. Februari 2021 wawindaji wa jimbo la Wisconsin, waliopangiwa mbwa mwitu 119, waliua 218 katika muda usiotimia siku tatu: leseni zilikuwa nyingi mno, theluji ilionyesha nyayo, na sheria ilidai taarifa ya saa 24 kabla ya kufunga msimu. Kwa maoni yangu, huo haukuwa usimamizi.

Ninyi, fisi akivamia mbuzi, msitege sumu, maana ni kosa na huua hata tai; imarisheni zizi, kisha mwoneni afisa wanyamapori wa wilaya.