Betri inasoma volti 8, mbona roboti inazimika?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, niko Mbeya. Natengeneza roboti yangu ya kwanza ya mapambano na bajeti yangu haizidi laki moja na nusu. Nina bodi ya kuendeshea programu ya Arduino Uno, draiva ya mota ya L298N, mota nne zile za njano, na moduli ya Bluetooth ili niiongoze kwa simu. Betri ni seli mbili nilizotoa kwenye laptop ya zamani. Zilikuwa zimekufa, fundi akazishtua kwa waya mbili na chaja ya volti 12 zikaamka, na sasa mita inasoma volti 8.1. Sakafuni roboti inakimbia vizuri, lakini ikisukuma ukuta inazimika na Bluetooth inakata. Fundi anasema niongeze seli au ninunue zile za mAh 9900. Silaha nafikiria diski ya grainda. Nianze kurekebisha wapi?

JIBU: Marahaba. Bluetooth yako ni nzima, na programu yako sina sababu ya kuishuku. Hizo seli zilizoshtuliwa zimenikosesha raha na nitazirudia, ila kwanza tumalize hili la kuzimika, maana kila mwezi naletewa roboti yenye ugonjwa huohuo na mwenyewe ameshabadilisha moduli ya Bluetooth mara mbili.

Volti 8.1 ni kipimo cha betri iliyolala. Mita haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hata seli chovu huionyesha sura nzuri. Ndani ya kila seli kuna ukinzani wake. Seli mpya ya laptop ina ukinzani mdogo sana. Iliyozeeka na kushtuliwa inaweza kufika ohmu 0.2 au zaidi. Ziko mbili kwa mfuatano, chukulia ohmu 0.4. Roboti ikigota ukutani, mota nne zilizozuiwa zinavuta takriban ampea 4 kwa pamoja. Zidisha: volti 1.6 zinapotelea ndani ya betri yenyewe. Kwenye 8.1 unabaki na 6.5, na Arduino Uno ukiilisha kupitia Vin, ile pini ya kuingizia umeme, inataka angalau 7 ili itoe 5 zilizotulia. Bodi inajiwasha upya, moduli ya Bluetooth inakosa umeme, wewe unaona "imekata". Na hizo 6.5 hazifiki zote kwenye mota, kwa sababu L298N ni ya transista za kizazi cha zamani na hula karibu volti mbili njiani, ikipandishiwa mkondo hula zaidi.

Usiniamini mimi, pima. Weka ncha za mita kwenye betri, mwenzako aendeshe roboti, wewe shika matairi yasizunguke kwa sekunde mbili tu. Soma namba ya hapo. Hiyo ndiyo betri yako, ile 8.1 isahau.

Sasa hili la mAh 9900, yaani akiba ya umeme iliyomo ndani ya seli. Seli ya ukubwa huo, ile ya milimita 18 kwa 65, kutoka kwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani hufika kama mAh 3500. Anayekuuzia 9900 amechapisha karatasi, hajatengeneza betri. Iweke kwenye mizani: seli halisi ina gramu 45 hadi 48, nyingi za hizo zenye namba za ajabu hazifiki hapo. Lakini hata ingekuwa kweli, ungeifanyia nini? Pambano la kawaida ni dakika tatu. Roboti ndogo ikivuta wastani wa ampea 2 mfululizo kwa dakika tatu, imetumia mAh 100. Mia moja! Unachokosa si akiba, ni uwezo wa kuitoa kwa haraka. Daladala linaweza kubeba abiria sabini, ila kama mlango unafunguka nusu, kituoni watashuka mmojammoja. Betri ndogo ya lipo (lithiamu polima) ya mAh 250 iliyoandikwa 30C, yaani mkondo mara 30 ya akiba yake, inaruhusu ampea 7.5 kwenye karatasi. Hata ukiikata nusu kwa sababu ya uongo wa lebo, bado inaishinda betri yako.

Kwa laki na nusu, ubanaji matumizi unaanzia kwenye ukubwa wa roboti. Vijana wengi wanaangalia mashine za BattleBots za ratili 250, yaani kilo 113, kisha wanataka kutengeneza hiyohiyo kwa vipuri vya bei ya chini. Jenga ya gramu 150. Uingereza kundi hilo ndilo wanaloliita antweight, na sharti lake ni roboti iingie kwenye mchemraba wa inchi 4. (Mmarekani akisema antweight anamaanisha ratili moja, gramu 454. Ukisoma mtandaoni angalia nani anaongea.) Mota mbili ndogo za aina ya N20 za volti 6 zenye gia za chuma, gramu 10 kila moja. Draiva ya DRV8833, ambayo inapokea hadi volti 10.8 na hula umeme kidogo sana njiani. Arduino Nano badala ya Uno. Betri ya lipo ya seli mbili, gramu 20 hivi. Mwili ukate kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga, au kwenye kipande cha pipa la bluu lililopasuka. Ni plastiki ileile ngumu ambayo hata washindani wa nje hutumia, kwa sababu inapigwa inabonyea, haivunjiki vipande. Seli zako mbili za laptop peke yake ni gramu 90. Ungebaki na 60 za kila kitu kingine.

Rimoti halisi ya 2.4 GHz itakula bajeti, kwa hiyo changa na wenzako. Moja inahudumia roboti nyingi, kila mtu akinunua risiva yake. Kwa mazoezi simu inatosha, mradi programu izime mota mara mawasiliano yakikatika.

Diski ya grainda, hapana. Diski ya milimita 115 imeundwa kukata kwa ukingo wake, izunguke hadi mara 13,300 kwa dakika ikiwa ndani ya kinga. Haikuundwa kupigwa ubavuni na roboti nyingine, na ikipigwa hupasuka vipande ambavyo havichagui mtu. Nishati ya kitu kinachozunguka huongezeka mara nne ukiongeza kasi mara mbili. Bila uwanja wenye kuta za polikaboneti (plastiki angavu isiyopasuka kirahisi) huna ruhusa ya kuwasha silaha ya kuzunguka, hata ya majaribio. Tengeneza kabari inayopita chini ya mwenzako na kumwinua. Kabari iliyo na waya zilizosoldiwa vizuri huwashinda wenye silaha za kutisha ambao roboti zao huzimika kama yako.

Tuje kwenye kushtua.

Seli ya lithiamu ikishuka chini sana, tuseme chini ya volti 2 na kuachwa miezi ndani ya laptop kabatini, ndani yake kuna kitu kinaharibika. Bati jembamba la shaba linalobeba upande hasi huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kimiminika cha ndani. Ukija kuichaji, shaba ile inaganda upya mahali isipotakiwa, na inaweza kutengeneza njia ya siri kati ya hasi na chanya. Seli inaamka, inapokea chaji, mita inasoma 4.1, fundi anapokea elfu zake mbili na anaitwa mtaalamu. Njia ile ya siri bado ipo. Inaweza kukaa wiki, inaweza kukaa mwaka, kisha siku moja ukiwa unachaji seli inapata joto, joto linaharakisha mmenyuko, mmenyuko unazalisha joto zaidi, na hapo huwezi kuuzima kwa kuchomoa waya kwa sababu moto hautegemei tena umeme wa ukutani. Moshi wake una gesi ya floridi ya hidrojeni, sumu kwa mapafu.

Laptop yenyewe ilikataa kuichaji betri ile. Ilikuwa na saketi iliyowekwa na wahandisi ili ikatae. Fundi akaona ukaidi, akaipita saketi kwa waya mbili na chaja ya volti 12. Huo si ufundi, jamani. Ni kumnyamazisha mlinzi aliyekuwa anapiga kelele za mwizi.

Na chaja nayo ni balaa jingine. Hujaniambia unachaji kwa nini, lakini nabahatisha: moduli ndogo za TP4056, au adapta ya kamera za CCTV. TP4056 ni ya seli moja, volti 4.2, ukiiunganisha na mbili za mfuatano haikuhusu tena. Adapta ya CCTV haijui seli imejaa wala haijui ipi imetangulia. Seli mbili zenye umri tofauti hazijai pamoja: moja itafika 4.2 nyingine ikiwa 3.8, na adapta itaendelea kusukuma. Lipo unayonunua lazima iende na chaja inayosawazisha seli, mkondo usizidi uwezo wa betri uliogawanywa kwa saa moja (ya mAh 250 inachajiwa kwa ampea 0.25), nawe uwepo macho. Kama pesa ya chaja haipo, achana na lithiamu kabisa. Nunua betri za nikeli za kuchaji, saizi ya AAA, sita kwa mfuatano. Utapata volti 7.2 kwa gramu 70 na kitu. Ni nzito kwa roboti ya gramu 150, kwa hiyo hamia kundi la gramu 454 na uishi kwa amani.

Ninayoyasema hayaishii kwenye roboti. Seli hizohizo za kushtuliwa ndizo zinazofungwa upya kwenye pawabenki za barabarani, kwenye taa za sola zinazowekwa vyumbani mwa watoto, kwenye spika zinazochajiwa usiku kucha juu ya godoro. Mwalimu mwenye klabu ya elektroniki akiletewa mfuko wa "seli nzuri za laptop" kama msaada, apime kila seli chini ya mzigo, na yoyote iliyoingia ikiwa chini ya volti 2.5 isipewe mwanafunzi. Hata kama baada ya kuchajiwa inasoma vizuri. Hasa kama baada ya kuchajiwa inasoma vizuri, kwa sababu hapo ndipo hakuna atakayeishuku.

Hizo mbili zako ziondoe chumbani leo. Usizichaji tena. Ziba ncha zote kwa utepe wa umeme, kila seli peke yake, ziweke kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu nje ya nyumba, mbali na mkaa na mafuta ya taa, na zisiende kwenye shimo la taka, maana mtu atachoma taka jioni. Tafuta anayekusanya taka za elektroniki, hata ikibidi mkebe ukae nje mpaka umpate.