Walimu wapya wa form one, pangeni wiki mkianzia na madaftari ya kusahihisha

Habari zenu walimu, hasa nyie mnaoripoti shule za huku Arusha mnakabidhiwa hesabu na kingereza kwa mpigo kwa sababu walimu wa hesabu hawatoshi. Wengi mkishapewa ratiba mnafungua silabasi mnagawa mada, Jumatatu hiki, Jumanne kile, andalio la somo linapendeza kweli ila Jumatano tu limeshavurugika. Mi nawaambia anzeni na kusahihisha, mada zipangwe baada ya hapo.

Chukua darasa la watoto 60. Daftari moja dakika mbili tu, hizo ni dakika 120, yaani piriodi tatu za dakika 40 zimekwisha na hapo ni somo moja! Ukitoa mazoezi ya masomo yote siku moja una madaftari 120 yanalala stafu rumu mpaka wiki ijayo, mtoto akirudishiwa hata hakumbuki aliwaza nini alipoandika. Kwa hiyo tafuta kwanza piriodi zako za wazi ziko wapi, ndo uamue zoezi litoke lini. Hesabu Jumatatu kingereza Jumanne inawezekana sana, na maswali yawe matano, sio ishirini.

Kwa nini nasisitiza hivi? Fundisha kujumlisha sehemu Jumatatu, toa 1/2 + 1/3, kusanya. Utakuta kundi zima limeandika 2/5, wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (ya chini) kwa asili. Usipoyaona hayo madaftari kabla ya piriodi inayofuata utaenda kufundisha kutoa na kuzidisha juu ya msingi uliopinda. Ukiyaona, kesho yake usirudie kanuni ubaoni, wape kila mmoja karatasi ya urefu wa sentimita 12, nusu yake wapake rangi ni sentimita 6, theluthi ni 4, jumla 10 kati ya 12, hiyo ni 5/6. Halafu waulize, nusu ukiiongezea kitu inawezaje kupungua ikawa 2/5? Waache wabishane wenyewe, hapo ndo somo lilipo. Kazi kama hii iwekee dabo, yaani piriodi mbili mfululizo, piriodi moja haitoshi hata kugawa karatasi.

Kingereza ni hivyohivyo. Watoto wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili, ukiwapa wakati uliopita watakuandikia "I did not went" mstari kwa mstari. Kwa walio karibu na Tengeru, gulio la Jumamosi linakupa somo la Jumatatu bure kabisa, nani alienda, aliuza nini, alinunua nini, waandike sentensi tano. Hizohizo sentensi zihamishie kwenye hesabu, aliyenunua sado ya nyanya akaiuza mafungumafungu, faida ni asilimia ngapi ya mtaji? Hapo unapanga hadithi moja kwa masomo mawili na mtoto anakutana na maneno yaleyale mara mbili kwa wiki, jamani hii inawasaidia sana wale wanaojua hesabu ila swali la maneno linawashinda kusoma.

Wiki ukiwa mwalimu wa zamu punguza mazoezi, usijidanganye. Masika nayo wa mbali wanafika wamechelewa na viatu vimejaa tope, mada mpya usiiweke piriodi ya kwanza.

Ijumaa piriodi ya mwisho usiweke kitu kipya, ni ya waliokosa maswali na wasiokuwepo. Na ile sehemu ya maoni kwenye andalio, usiandike "somo limeeleweka" kisa mdhibiti ubora anakuja. Andika "18 bado wanajumlisha asili", maana Jumapili jioni ukikaa kupanga wiki nyingine unaanza na hao 18.