Stafilokoka na antibiotiki mpya: kabla ya kuandika "sugu", kagua brothi

Ukipima daptomisini, dalbavansini au linezolidi dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus na jibu likaja "sugu", usikimbilie simu ya daktari. Usugu wa kimelea huyu kwa dawa hizi bado ni nadra. Shaka ianze kwenye brothi (mchuzi wa kuoteshea bakteria), plastiki na jicho la msomaji.

Daptomisini ndiyo yenye masharti. Diski (vipande vya karatasi vyenye dawa) achana nazo, hazitenganishi vizuri kimelea sugu na asiye sugu. Zimua dawa kwenye sahani ya visima 96. Bila kalsiamu daptomisini haijichomeki kwenye utando wa bakteria, na hapo MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji) hupanda kwa uongo. Brothi ya kawaida ya Mueller-Hinton iliyorekebishwa madini ina mg 20 hadi 25 za kalsiamu kwa lita. Hapa zinatakiwa 50. Yeyusha g 3.68 za kalsiamu kloridi dihaidreti, ongeza maji hadi ml 100, kisha chuja kwa kichujio cha maikromita 0.22. Kila ml 1 ina mg 10 za kalsiamu, hivyo kwa brothi yenye mg 25 ongeza ml 2.5 kwa lita, ikishapoa. Soma lebo ya chupa: kloridi isiyo na maji ina hesabu yake.

Dalbavansini na oritavansini hunata kwenye plastiki, kwa hiyo kisimani hubaki dawa pungufu ya ile uliyoipima. Kinga yake ni polisobeti 80, kitu kama sabuni, asilimia 0.002 ndani ya kisima. Wengi hukosea hapa: wanaiweka kwenye brothi ya dawa, kisha wanaongeza ujazo uleule wa bakteria waliozimuliwa kwa brothi tupu. Kiwango cha polisobeti kinashuka nusu, na kalsiamu ya daptomisini nayo hushuka chini ya 50. Zimua bakteria kwa brothi ileile.

Idadi ya bakteria nayo ina neno. Toka McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye majimaji), zimua 1:100, weka µl 50 juu ya µl 50 za dawa. Utapata takriban 5 × 10⁵ kwa ml. Hakiki mara moja: µl 10 kutoka kisima kisicho na dawa, ndani ya ml 10 za salaini, kisha tandaza µl 100 kwenye aga. Koloni ziwe kama 50. Zikiwa 300, rudia kazi yote.

Linezolidi huwachanganya hata wazoefu. Kwenye visima, puuza vidoti vidogo vya chini na usome pale ukuaji unapoanza kufifia. Kwenye diski ni kinyume: inua sahani kwenye mwanga, ukiona ukuaji wowote ndani ya duara, usiupuuze.

Kila siku ya kupima weka ATCC 29213, S. aureus wa kudhibiti ubora ambaye majibu yake yanajulikana. Kwa µg kwa ml, daptomisini isome 0.12 hadi 1, linezolidi 1 hadi 4, dalbavansini 0.03 hadi 0.12. Ikitoka nje, majibu ya wagonjwa yasitoke. Ikiwa sawa na kimelea bado ni sugu, otesha upya kutoka koloni moja, thibitisha jina lake, pima tena, na uhifadhi kwenye −70 °C kabla ya kuipeleka maabara ya rufaa.