Mashimo yanarudi pale pale: lami nene haitawasaidia

SWALI: Barabara kuu tunayosafirishia mazao ilimwagwa lami upya, lakini msimu mmoja wa mvua umetosha kurudisha mashimo, tena pale pale. Wafanyabiashara wenzangu wanataka tuiombe serikali lami nene zaidi. Kuna pia kampuni inayouza dawa ya maji ya kuchanganya na udongo. Inadai inagandisha udongo wa aina yoyote na kwamba ukiitumia, mitaro si lazima. Tudai lipi?

JIBU LA MHANDISI WA BARABARA: Msidai lolote kati ya hayo mawili. Daini mitaro na makalavati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) kwanza.

Shimo likirudi mahali pale pale, mshukiwa wa kwanza ni maji yaliyo chini. Nendeni mkatazame baada ya mvua. Kabla lami haijafumuka, hupasuka vipande vidogo vidogo kama ngozi ya mamba. Lori zito likipita, maji ya tope yanaruka kutoka kwenye nyufa na kuacha doa juu ya lami. Lile tope ni msingi wa barabara yenu unaotoka kidogo kidogo. Mkandarasi akifunika hapo kwa lami mpya, amewauzia rangi.

Kinachonichosha ni imani kwamba lami ndiyo inayobeba lori. Kwenye barabara nyingi, tabaka lile jeusi lina sentimita chache tu. Linazuia maji na kuwapa uso laini. Mzigo unabebwa na kokoto na udongo ulioshindiliwa, mradi vikae vikavu. Mskoti John McAdam alilisema hilo miaka 200 iliyopita, na bado tunabishana.

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, malori yaliyoendeshwa na wanajeshi yalizungushwa juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa unene tofauti. Vingi vilivyokufa vilikufa barafu ilipoyeyuka na ardhi kulowa. Malori yalikuwa yale yale.

Sasa hao wa dawa. Kuimarisha udongo si uganga: chokaa hufaa udongo wa mfinyanzi, saruji hufaa zaidi changarawe na mchanga, na kipimo hutegemea udongo wenyewe. Ndiyo maana anayeniambia dawa yake inafaa udongo wowote, simsikilizi zaidi. Mwambieni achukue udongo wa barabara yenu, auchanganye, ashindilie, auloweke saa 96, kisha maabara isiyo yake ipime nguvu iliyobaki. Wengi huishia hapo. Na anayeuza kitu cha kuondoa mitaro, mwogopeni kuliko shimo lenyewe.

Jaribio lile la Illinois lilitoa na somo jingine ambalo wafanyabiashara hamlipendi. Madhara ya ekseli (mhimili wa magurudumu) kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha 4 cha uzito wake. Ekseli ikizidishiwa asilimia 20, madhara yanakuwa takriban maradufu. Uzito ukiwa maradufu, madhara ni mara 16 (2 × 2 × 2 × 2). Kila jimbo na kila nchi ninayoijua ina watu wanaolilia barabara imara asubuhi na kukwepa mizani usiku. Kabla ya kwenda serikalini, kamati yenu ipime malori yake yenyewe, ekseli moja moja, maana jumla ya uzito inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma imezidi.